Darasa la Tatu na Miezi ya Asali

Mwalimu Isidori Kauzeni hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa mtu wa tarehe. Ukimuuliza lini upepo uling'oa paa la shule, alikutajia siku, saa, na watoto wangapi walikuwa ndani. Waliomjua baadaye, alipokuwa akifundisha walimu chuoni na kuandika vijitabu vyake viwili juu ya mahudhurio shuleni, walidhani tabia hiyo aliipata kwa wasomi. Si kweli. Alikuja nayo Itobela Januari 1952, pamoja na mke wake Specioza, kuku wawili, na ramani ya Tanganyika iliyokunjwa mara nyingi hata Tabora ikawa tundu.

Mimi nilikuwa karani wa baraza pale Itobela miaka hiyo. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona, mengine nimeyatoa kwenye madaftari yake ambayo Specioza aliniruhusu kuyasoma. Mambo ya kambi ya msituni nilisimuliwa na Kasimu, mchuuzi wa nta, aliyekuwapo.

Itobela kilikuwa kijiji cha Wakonongo, maili kumi na sita kutoka Mpanda, upande ule ambako mashamba ya mihogo yanakwisha na msitu wa miombo unaanza. Shule ilikuwa na madarasa manne na walimu wawili. Isidori alikuwa Mfipa wa nyanda za juu, na wenyeji walimpokea kwa utani tangu siku ya kwanza. Walimwita Mla Ulezi, wakamuuliza kama kwao kuna miti au watu wanaota moto wa majani. Alicheka, akaandika hata hayo.

Jambo lililomsumbua lilikuwa hili. Kila mwaka darasa la tatu lilianza Januari likiwa na watoto zaidi ya thelathini. Mwalimu alikwenda kwao Ufipa likizo fupi ya Juni, na aliporudi alikuta nusu ya madawati matupu. Mwezi wa nane baadhi walirudi, lakini walikuwa wamesahau hesabu, wakaona haya, wakaacha moja kwa moja. Mwaka 1952 walibaki kumi na tisa, mwaka uliofuata kumi na saba, na 1954 kumi na saba tena. Alipouliza, aliambiwa mtoto yuko kwa mjomba wake. Watoto kumi na wanne kwa wajomba, mwezi mmoja!

Mei 1955 ikaja barua. Iliandikwa kwa heshima na ilikuwa fupi. Msimamizi wa shule angefika Ijumaa tarehe 22 Julai. Siku hiyo darasa la tatu likiwa na watoto pungufu ya ishirini na watano, lingefungwa pamoja na la nne, na watoto waende kusoma Mpanda karibu na reli. Isidori alinisomea barua hiyo ofisini kwangu akiwa amesimama.

"Maili kumi na sita," alisema. "Mtoto wa miaka kumi. Karani, hiyo maana yake Itobela wataishia darasa la pili. Watajua kuandika jina lao, basi."

"Utafanya nini?"

"Nitatafuta sababu. Nikiijua sababu naweza kujibu. Sasa hivi najibu nini? Wajomba?"

Hapa lazima nikiri jambo. Sababu mimi niliijua. Juni na Julai ni miezi ya kurina asali, na ruhusa za kuingia msituni niliziandika kwa mkono wangu. Zilikuwa za wanaume peke yao. Msitu ule ulihamishwa watu zamani kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na mwanamke au mtoto kukaa humo kulikatazwa. Lakini mwanaume mmoja hawezi kurina, kubeba maji, kuchemsha nta na kujipikia. Walikwenda nyumba nzima. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema, mimi nikiwa wa kwanza, maana ningesema ningekuwa shahidi. Nikarudi kwenye karatasi zangu. Mwalimu alidhani wanaume huenda kwenye asali na wake na watoto hubaki nyumbani.

Mwaka huo hakwenda likizo. Jumatatu tarehe 20 Juni alianza kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Aliuliza watoto wangapi, nani anasoma, nani aliacha, kwa nini. Wazazi walimkaribisha kiti, wakamjibu kwa upole, na hawakumwambia kitu. Naye, ili asirudie nyumba aliyokwisha kuiandika, aliweka namba kwa chaki kwenye mwimo wa mlango. Moja, mbili, tatu, hadi arobaini na moja. Alifanya hivyo siku nne, namba nzuri, za mwalimu.

Jumatatu iliyofuata aliingia darasa la tatu akakuta watoto tisa.

Darasa la pili lilikuwa nusu, na njiani alikuwa amepita nyumba zilizofungwa kwa kamba. Alikwenda kwa Bibi Romana, mjane mzee aliyekaa karibu na shule, namba kumi na saba. Specioza alifuatana naye, na ndiye aliyenisimulia.

Bibi Romana alikuwa ameketi nje akipepeta mtama. Hakusimamisha ungo.

"Mwalimu," alisema, "safari hii mnatupeleka wapi?"

"Nani anawapeleka, bibi?"

"Mimi si mtoto. Tulipokuwa kijiji cha zamani, kule kwenye mto, alikuja kijana mzuri kama wewe, na daftari kama lako. Akauliza watoto wangapi. Akaandika namba mlangoni kwa chaki. Siku ya tisa wakatuambia tokeni, kuna malale, na nyumba zikachomwa. Yangu ilikuwa ishirini na sita. Mume wangu alikufa njiani kuja hapa. Sasa umenipa kumi na saba. Nimepanda cheo?"

Isidori aliitazama namba kumi na saba mlangoni. Kwao Ufipa hakuna aliyehamishwa kwa malale, na miaka mitatu na nusu aliyokaa Itobela hakuna aliyemsimulia habari hiyo.

"Nimekosa, bibi," alisema.

"Umekosa, Mla Ulezi. Wenzangu wamekimbia na watoto. Mimi sina magoti ya kukimbia."

Alichofanya kilionekana na wote waliobaki kijijini, kwa vile walitoka kutazama. Alichukua ndoo na tambara akaosha milango yote arobaini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, hata ya nyumba zisizokuwa na mtu. Hakumwachia mwanafunzi. Specioza alimletea maji kutoka kisimani mara tano. Walipofika nyumba ya arobaini, Bibi Romana alimwita.

"Hata ukiosha, walioko msituni hawaoni."

"Wako msituni? Na watoto?"

Bibi akaiangalia ile ndoo, kisha akaamua. "Unafikiri nani anachota maji ya kuchemshia nta? Nyani?"

Jioni hiyo Isidori alikuja kwangu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Basi nisaidie kumpata mtu wa kunipeleka." Nikamwita Kasimu, ambaye kila mwaka alifuata nta kambini kwa baiskeli yake na aliijua kila njia. Madarasa aliachiwa mwalimu mwenzake, na darasa la tatu alilishika Specioza, aliyesoma kwa masista hadi darasa la sita na ambaye, kwa maneno ya wale watoto tisa, alikuwa mkali kuliko bwana wake.

Walitembea siku mbili. Mbung'o waliwauma mpaka Kasimu akavua kofia akaanza kuwapiga nayo kama mwehu.

"Mwalimu, hawa wanakutaka wewe. Mimi damu yangu wamekwisha kuizoea."

"Waandikie barua waache," alijibu Isidori.

"Kuandika ndiko kulikotuleta huku. Daftari lenyewe umekuja nalo?"

"Ninalo."

"Lahaula! Ningekuwa wewe ningelitupa mtoni."

Kambi ilikuwa kwenye uwazi kando ya kijito, vibanda thelathini na kitu vya nyasi, mizinga ya magome imening'inizwa juu ya miti kila upande. Wanawake walikuwa wakichemsha masega kwenye masufuria makubwa, na nta ilinuka mpaka mbali. Watoto walipomwona mwalimu walikimbia. Mmoja aliacha debe la maji likamwagika.

Mkubwa wa kambi alikuwa Mzee Anselmo, mrina asali wa siku nyingi, baba wa msichana aliyeitwa Generosa. Generosa alikuwa wa kwanza darasani. Anselmo alimpa mgeni kiti na maji, halafu akasema mbele ya wote:

"Mwalimu, karibu. Chakula utakula. Lakini daftari hilo litaingia motoni kabla hujala."

"Mzee, humu hamna habari ya kuhamisha mtu."

"Unasema wewe. Hata yule wa zamani alisema."

Wanaume wengine wakaitikia. Mmoja alisema kwamba Wafipa hawakosi dawa za uchawi, huenda hata chaki ilikuwa na dawa. Wakacheka, lakini hakuna aliyelegea. Kasimu aliniambia kwamba alimwona Isidori akilishika daftari kwa mikono miwili, akafikiri sasa atalia au atalichoma. Ilikuwa kazi yake ya miaka mitatu na nusu, mahudhurio ya kila mtoto, kila wiki. Bila hilo hakuwa na jibu la kumpa msimamizi.

"Sawa," alisema mwishoni. "Litaingia motoni mkitaka. Lakini kwanza mlisikie. Mtu asichome asichokijua. Na nisisome mimi, mtasema nimeruka. Asome Generosa."

Anselmo alimwangalia binti yake. "Unaweza?"

"Naweza, baba."

Wakaketi, na ilikuwa asubuhi bado. Generosa alisimama na daftari, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma polepole, kwa sauti ile ya darasani inayopanda kila mwisho wa mstari. Alisoma majina, wiki, siku za kuugua surua, siku ambayo mto ulijaa. Wazazi walisikia majina ya watoto wao yakitoka kwenye karatasi, na mmoja mmoja wakasogea. Mama mmoja alisikia wiki ambayo mwanawe alifariki, mwaka 1953, ikiwa imeandikwa "Shule nzima tulikwenda mazikoni." Akajifunika uso kwa kanga.

Hakuna aliyesikia neno la kuhama. Alipochoka Generosa alipokea mwenzake, akachoka, akapokea mwingine, mpaka daftari likamrudia Generosa likiwa karibu na mwisho, kwenye zile kurasa za nyumba zenye namba.

"Nyumba ya tano. Ya Mzee Anselmo. Wanaosoma, wawili. Mkubwa, Damiano, aliacha Julai 1953 akiwa darasa la tatu. Sababu." Hapo akakwama.

"Soma," alisema baba yake.

"Sababu, uvivu wa wazazi."

Wanawake waliacha kukoroga nta.

"Soma tena hapo," alisema Anselmo.

Akasoma tena, sauti ikiwa ndogo.

Mzee Anselmo alinyanyuka, akanyoosha mikono yake mbele ya Isidori. Ilikuwa imevimba kwa miiba ya nyuki hadi kwenye viwiko. "Nimepanda miti kumi na tisa tangu juzi," alisema. "Mvivu ni yupi hapa?"

"Nyumba ya sita nayo?" akauliza mwingine.

Generosa akatazama. "Uvivu wa wazazi."

"Ya saba?"

"Uvivu wa wazazi."

"Jamani, huyu kijiji kizima katugawia!" mama mmoja alisema, na hapo ndipo baadhi walipoanza kucheka, kicheko cha hasira.

Kasimu anasema uso wa Isidori ulikuwa kama wa mtoto aliyekamatwa na muwa wa watu. Lakini hakujitetea. Alitoa penseli mfukoni akampa Generosa.

"Kata hilo neno," alisema. "Nyumba zote. Halafu waulize wao sababu, uandike watakavyosema. Mimi nitanyamaza."

"Tukisema wake zetu wako huku, tutafungwa," Anselmo alisema.

"Basi semeni yaliyo kweli na ambayo hayamfungi mtu. Mahali sitapaandika. Majina ya nyumba sitayapeleka. Mtu yeyote hapa asipotaka, Generosa asiandike."

Walibishana mpaka jua lilipofika utosini. Walichagua maneno kama watu wanaochagua mbegu, wakamwambia Generosa andika, wakamwambia kata, andika tena. Mwishowe nyumba ishirini na tisa zilikubali maneno haya: "Wakati wa asali mtoto humsaidia mzazi wake, na nyumbani hakuna wa kumpikia." Nyumba nne zilikataa kuandikwa chochote. Nane hazikuwapo kambini. Isidori alilichukua daftari, akapiga mstari chini, akajumlisha miezi ya kila mtoto aliyeacha miaka ile mitatu. Thelathini na wanane kati ya arobaini na watatu waliondoka kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai. Alikuwa na tarakimu hizo siku zote, ila hakuwa na cha kuziambatanisha nacho.

Hakuna aliyezungumzia moto tena. Wakala.

Wiki mbili zilizofuata alifundisha pale pale asubuhi, na mchana alibeba maji. Kisha akaomba watoto warudi kwa ajili ya tarehe 22. Hapo Anselmo alikuwa mgumu. Asali haikuwa imekwisha, na kila mtoto aliyeondoka ilikuwa mikono miwili imepungua.

"Wangapi unataka?"

"Wote waliopo. Kumi na wanne."

"Na tisa uliowabakiza kijijini. Ishirini na watatu. Bado hawatoshi, Mwalimu. Wanane wengine wako kambi ya mbali, ng'ambo ya mto mkubwa, hutawafikia."

"Najua."

"Sasa unawataka wa nini?"

"Darasa lenye ishirini na watatu nitalipigania. Lenye tisa siwezi."

Anselmo alifikiri usiku kucha, na asubuhi alifunga mzigo wake. Alisema atakwenda nao mwenyewe, maana huyo mla ulezi atawapoteza njiani.

Tarehe 22 Julai msimamizi wa shule, Bwana Ubaldo, alifika saa tatu kwa lori la mgodi wa Mpanda lililompa nafasi. Alikuwa mwalimu wa zamani, mtu wa haki, asiyependa kucheleweshwa. Kabla hajafika, baba mmoja alimvuta Isidori pembeni, nami nilikuwa karibu.

"Mwalimu, kuna wawili darasa la pili, warefu. Waweke nyuma. Nani atawajua?"

"Mimi nitawajua."

"Kwa ajili ya watoto wetu!"

"Nimeandika karatasi ya kurasa nane, ndugu yangu. Nikimdanganya hesabu ya watoto, kwa nini aamini hesabu iliyomo kwenye karatasi? Hapana."

Bwana Ubaldo alihesabu vichwa mara mbili. Ishirini na watatu. Akatazama daftari la mahudhurio, akaona ishirini na watatu.

"Mwalimu Kauzeni, barua ilisema ishirini na watano."

"Ndiyo, Bwana. Hawakufika."

"Basi unajua ninachotakiwa kuandika."

"Najua. Naomba kwanza usome hii."

Alisoma kurasa zote nane, amesimama dirishani. Zilisema kwamba watoto wa Itobela hawaachi shule kwa kutoipenda, bali shule huwaita miezi ambayo kazi ya wazazi wao haiwezi kuwaachia, na huwafungia Desemba ambapo wote wako nyumbani. Mwishoni Isidori aliomba likizo ndefu ihamishwe iwe Juni na Julai.

"Desemba?" Bwana Ubaldo alisema. "Mvua yote ile? Mito inajaa."

Mzee Anselmo, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono yake iliyovimba, alijibu bila kuulizwa. "Bwana mkubwa, watoto wetu mvua wanaijua. Nyie tupeni Desemba."

"Na wewe, Mwalimu? Desemba ndiyo likizo yako ndefu ya kwenda kwenu."

"Sitakwenda."

Nilimwona Specioza, upande wa pili wa uwanja, akigeuza kichwa. Mama yake mzazi alikuwa Ufipa, hakuwa amemwona kwa mwaka na nusu, na sasa angengoja tena hadi Juni. Hakusema kitu pale. Nyumbani alisema, na alisema sana, kisha akauliza Desemba yeye atafundisha darasa lipi.

Bwana Ubaldo alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Hakuahidi. Alisema ataipeleka na hesabu ya kweli ya ishirini na watatu pamoja nayo, wenye kuamua waamue. Wiki saba Isidori hakujua kama ana darasa. Alifundisha kama kawaida. Wale kumi na wanne, walipokwisha kumalizia asali na kurudi tena kutoka kambini mwanzoni mwa Agosti, aliwakalisha mbele na kuwarudisha nyuma kwenye hesabu walizokosa, saa moja zaidi kila siku, pamoja na wale wanane wa kambi ya mbali. Sita kati ya hao wanane walikubali kubaki.

Jibu lilifika Septemba. Darasa lingeendelea kwa kujaribiwa hadi mwisho wa 1956. Likizo ndefu ya Itobela ingekuwa Juni na Julai. Mwalimu asingekuwa na likizo nyingine, na mahudhurio ya Desemba yangepelekwa kila wiki.

Jumatatu tarehe 5 Desemba 1955 mvua ilinyesha tangu alfajiri. Shule nyingine zote zilikuwa zimefungwa. Nilipita shuleni saa mbili nikiwa na mwavuli wa baraza, nikamwona Isidori amesimama mlangoni akitazama njia. Walikuja kwa makundi, wamejifunika majani ya migomba, miguu ina tope hadi magotini. Aliwaacha wajikamue nguo kibarazani. Walipoketi alihesabu, akaandika: ishirini na tisa. Maji yalikuwa yakidondoka juu ya dawati la mbele, akawasogeza watoto upande mmoja, akaweka debe chini ya tundu la paa, kisha akageukia ubao na kuandika hesabu ya kwanza ya kugawanya.